Kifungu cha Daraja

"Mwavuli wa kijani ulikutwa umenasa kwenye mizizi, hatua chache kutoka ulipokuwa mwili wa mtoto, chini ya daraja."

Mwenyekiti wa kamati ya fedha aliishia hapo kusoma, akavua miwani. Madiwani waliinamisha vichwa. Mchumi wa halmashauri, mama aliyeileta taarifa hiyo, alisimama karibu na mlango akitazama viatu vyake.

Kwa miaka kumi na saba kifungu cha bajeti cha daraja la waenda kwa miguu kilikuwa na kiasi kilekile, hela ya mbao tatu na misumari. Kila mwaka mchumi aliomba daraja jipya, na kila mwaka madiwani walinakili tarakimu za mwaka uliopita. Mwishowe alipekua majalada yote akaona mambo yanavyokwenda. Zahanati ilipata jenereta baada ya mzazi kufa akijifungua gizani. Soko lilivutiwa maji baada ya moto kuua wachuuzi wawili. Kufa kufaana, walisema wahenga, na halmashauri ilikuwa imelishika neno hilo. Bajeti haikusogea mpaka itanguliwe na jeneza.

Na bintiye wa pekee alivuka daraja lile mara mbili kwa siku, akienda shule na kurudi.

"Huu msiba mbona sikuusikia?" diwani mmoja aliuliza.

"Walisafirisha, mheshimiwa," mchumi alijibu. "Wenyewe si wa hapa."

"Miaka minane tu, jamani," diwani mwingine alisema.

Walisimama kimya dakika moja. Kisha wakanyoosha mikono, wote, na kifungu kikapanda mara arobaini. Fedha zingetoka mwaka mpya wa fedha ukianza, miezi miwili mbele.

Mchumi alirudi ofisini kwake akafunga mlango. Akaichana rasimu ya ile taarifa, pamoja na karatasi aliyojifunzia saini ya mkuu wa kituo cha polisi. Hakuna mtoto aliyekufa. Alipofika kwenye umri aliandika minane kwa sababu ndio umri aliouzoea nyumbani. Alikuwa na hofu, na aliona haya, lakini alijiambia kuwa uongo wa kumwokoa mtoto Mungu atausamehe. Nje mvua kubwa ilianza kupiga bati.

Simu iliita. Alikuwa mwalimu wa bintiye.

"Mama, usihangaike kuja kumchukua. Nimeona mvua inazidi, nimemruhusu atangulie nyumbani. Ila mkumbushe kesho anirudishie mwavuli wangu, ule wa kijani."