Mwaliko wa Tunu

Enzi hizo mitambo ndiyo iliyoalika watu shughulini, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya mwenyeji. Ila mtambo haukujua ghala la majina lina nini mpaka binadamu auandikie maelezo. Mtaani kwao mwandishi alikuwa Siwema, binti aliyeishia darasa la saba, mwenye subira ya kutunga shanga.

“Ghala hili lina majina ya watoto wote wa mtaa,” aliandika. Alijua humo wamo na waliofariki, na kwamba ni lazima aseme. Lakini dada yake alikuwa akiolewa wiki ile, na nyumba yenye harusi haiandiki kifo. Akasema ataongeza baadaye.

Siku ya hina akaingia Bi Mashavu, jirani aliyemzika bintiye mwaka jana, kakumbatia gauni dogo la manjano.

“Mmemwita Tunu wangu,” alisema. “Tena kwa sauti ya mama yako, Siwema.”

Vigelegele vikakatika. Siwema akainama, uso ukimwaka.

“Kosa langu, mama. Sikuuambia mtambo. Nalirekebisha sasa hivi.”

“Ukirekebisha, hataitwa tena?”

“Hataitwa.”

Bi Mashavu akamshika mkono. “Basi liache, mwanangu. Nyinyi wote mmeshaacha kumtaja.”

Kutoka jikoni, kwa sauti ya mama yake Siwema, mtambo ukasema sahani za watoto zimeshachukuliwa zote, imebaki ya Tunu tu. Je, wamsubiri?

Siwema alikuwa na jibu, kwamba Tunu amefariki, akaona haya kulitoa mbele ya Bi Mashavu.