Sweta ya Kumrudisha Mume

Sweta ya nne ilimkwama masikioni. Mfumaji akaivuta kwa juu, na mteja akachomoza na nywele timtim, akajibwaga kwenye kigoda. Kuvaa na kuvua ni kazi ukishafika umri ule. Magoti yalimuuma na mabega nayo yalikuwa yameanza mgomo.

"Shingo ya mviringo haikufai," mfumaji alitoa hukumu. "Inakufupisha. Sisi wa rika hili tunataka shingo ya V, ishushe jicho la mtu taratibu."

Nusu ya duka ilikuwa mashine ya kufumia, nusu nyingine kioo. Mfumaji hakumuuzia mtu sweta bila kumsimamisha mbele ya kioo hicho, amwambie afumbe macho, afumbue, kisha amuulize ameona nini mwanzo. Ukiona uso wako, unalipa. Ukiona sweta, unaivua. Desturi hiyo ilikuwa imemfukuzia wateja wengi, na hakujuta hata kidogo.

"Tuanze upya, dada. Unataka sweta ya kwendea wapi?"

"Ya kukaa nayo nyumbani tu."

"Ya nyumbani, na umeshanivurugia rafu nzima?"

Mteja alikunja sweta iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata aibu haikupata pa kukaa.

"Mume wangu hanitazami," alisema. "Nataka anitazame, basi. Chakula changu hagusi. Nikimshika mkono anauvuta. Juzi ameniambia nitoke nyumbani kwake, nirudi kwetu."

Mfumaji aliacha utani. Alivuta kiti, akakaa.

"Kama kwako hali, dada, basi anakula kwingine."

"Hapana."

"Wote huwa tunasema hapana."

"Si kosa lake," mteja alisema.

Hilo nalo mfumaji alikuwa amelisikia mara nyingi juu ya kigoda kile kile, na zamani alilisema yeye mwenyewe. Ilimchoma. Aliinuka, akaenda kwenye rafu ya juu ambako huweka kazi zake nzuri, akarudi na sweta ya damu ya mzee yenye shingo ya V.

"Jina la rangi lisikutishe," alisema. "Vaa, halafu uniambie mzee yuko wapi."

Mteja aliivaa, akafumba macho, akafumbua.

"Umeona nini?"

"Uso wangu."

Na kweli. Mashavu yalikuwa yamepata damu, shingo imenyooka, vifuko vya chini ya macho vimepungua. Alifanana na mtu aliyelala usiku kucha, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alijitazama upande, akapitisha kidole kwenye ukingo wa shingo. Alijipenda, na mfumaji aliona kwamba amejipenda. Kisha akaivua.

"Si hii."

"Dada, jamani."

"Nipe ile."

Alionyesha sweta ya chini kabisa, ya kijivu, shingo ndefu ya kukunja. Mfumaji aliifuma siku ya mvua kwa mabaki ya uzi, na tangu hapo alikuwa akiificha. Aliitoa shingo upande. Ilipovaliwa, kijivu kilimnyonya mteja rangi yote iliyobaki usoni, na ile shingo ikammeza kidevu. Alizeeka papo hapo.

"Umeona nini?"

"Sweta."

"Haya, ivue."

"Naichukua hii."

Mfumaji alishika kiuno. Mteja akaona hawezi kuondoka bila kujieleza.

"Wiki iliyopita kulikuwa na baridi," alisema. "Nikavaa sweta kuukuu iliyokuwa imekaa kabatini miaka, ya kijivu hivi hivi. Akanitazama. Akatabasamu, akala sahani nzima. Jana nimeifua, ikafumukia mikononi mwangu."

"Alikuonea huruma tu."

"Vyovyote vile. Alikula."

Mfumaji aliitia ile ya damu ya mzee kwenye mfuko, akampa bila kuombwa. "Ya siku utakapojionea huruma wewe," alisema. Mteja alimshukuru, akatoka na ile ya kijivu mwilini, akitembea upesi kadiri magoti yalivyomruhusu.

Alipofungua mlango wa nyumbani, alimkuta mwanamke mwingine ameketi na mumewe kwenye kochi, bega kwa bega. Mumewe alikuwa amegeukia ukutani. Mwanamke yule, jirani wa mlango wa pili, alisimama na kumkabidhi bakuli la supu iliyokwisha kupoa.

"Hata mimi amenikatalia," alinong'ona, akaenda zake.

Mke alikaa palipoachwa wazi. Alivuta shingo ya sweta mpaka kidevuni, akachota kijiko kimoja, akasubiri. Aliogopa. Kama na leo hatakula, hakujua kesho atajaribu nini.

Mumewe aligeuka polepole. Aliitazama sweta, akampandisha macho mpaka usoni, akaendelea kumtazama hadi uso wake wote ukakunjuka kwa furaha. Alifungua kinywa, akala. Akafungua tena.

"Mama," alisema, akiushika mkono wa sweta kwa vidole vyake vyote, "yule bibi anayesema eti ni mke wangu, ameondoka?"

"Ameondoka, mwanangu," alisema, akachota kijiko kingine.