Mume wa Fundi Cherehani

Suruali iliyoanikwa kila Jumamosi nyuma ya duka la fundi cherehani ilikuwa ndefu kiasi kwamba miguu yake ilikaribia kufagia uwanja. Wapita njia wakiiona walipunguza sauti. Ni ya mumewe, walinong'onezana, yule mpelelezi wa makosa ya jinai. Mtaa mzima ulimwita Jicho.

Jicho, kwa maneno ya majirani, alikuwa mtu wa kazi. Alitoka watu hawajaamka, akarudi wamelala, lakini kila mtu alikuwa na ndugu aliyewahi kumwona. Mwizi wa godoro la kinyozi aliposikia tu kwamba Jicho ameanza kuuliza maswali, alilirudisha mwenyewe, tena akiwa amelianika likakauka vizuri. Tangu hapo, mwaka wa nne sasa, mtaani hapakupotea hata ndoo.

Kwa hiyo mkuu mpya wa kituo cha polisi alipoingia dukani Jumatatu mchana, kofia kwapani, fundi aliinamia cherehani yake.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kumwona bwana."

"Sijambo, afande. Ndiyo kwanza ametoka."

"Huyu bwana! Mara ya tatu hii nakuja, na kila nikija ndiyo kwanza ametoka." Mkuu akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Leo nitamngoja."

Fundi akaendelea kushona, pindo likaanza kwenda upande.

"Kama umekuja kumhamisha, afande, tafadhali usifanye hivyo. Akiondoka tu, wezi watajua kabla jua halijazama. Na mimi naishi..." Akakata uzi kwa meno. "Tunaishi vizuri hapa."

Mkuu alikuwa anaangaza macho dukani. "Mbona dirisha umelipa mgongo? Si unajizibia mwanga?"

"Nimezoea kuutazama mlango."

"Nasikia hata bwana ndivyo alivyo. Hakai mpaka auone mlango."

"Tangu utotoni." Mguu wa fundi ukaacha kukanyaga cherehani. "Alikuwa na miaka kumi na minne. Waliingia kwa mlango wa jikoni, wanaume watatu, mchana kweupe. Mama yake alikuwa ameinama anachochea moto. Mtoto akaenda kumkinga mama, wakampiga yeye panga, kutoka sikioni mpaka begani. Wakabeba redio, wakabeba nguo, wakabeba na sufuria ya mchuzi inachemka. Hebu fikiria, afande! Umemkata mtu panga, halafu unakumbuka mchuzi!"

Mkuu alicheka kabla hajajizuia. Fundi naye akacheka, mkono mmoja umeushika mtandio shingoni.

"Kidonda kilipona," akasema. "Hofu ndiyo haikupona. Akaapa kwamba mwizi hatakanyaga tena mahali anapoishi."

"Ndipo akawa mpelelezi."

"Ndipo akawa mpelelezi," fundi akaitikia kwa sauti ndogo.

Mkuu aliinuka, akaurudishia mlango taratibu. Fundi akaushika mkasi.

"Dada yangu." Safari hii hakumwita shemeji. "Orodha ya askari wa kituo nimeisoma yote, juu mpaka chini. Makao makuu nako nimepiga simu mara mbili. Hakuna mtu kama huyo."

Fundi hakuinua macho. Alikuwa anaiona mitaa yote ikiambizana, duka baada ya duka, kwamba yule mwanamke yuko peke yake.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi tu." Mkuu akaizungusha kofia yake mikononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Mama yangu mzazi anaishi peke yake, mtaa wa tatu kutoka hapa. Mwezi huu wamemvunjia mlango mara mbili. Wanajua kabisa mwanawe ni mkuu wa kituo, na wala hawajali." Akashusha pumzi. "Sasa nilitaka kukuuliza. Huyu Jicho hana mdogo wake?"

Fundi akainua macho. Kisha akauweka mkasi chini, akakunjua kitambaa kipya juu ya meza.

"Awe mrefu kiasi gani?"