Ufito wa Futi Kumi na Tatu

"Huo ni mkubwa mno, mama," Abdisamad alisema kwa mara ya tatu. "Unataka kuvua trauti au mamba?"

Teresina aliushika ule ufito wa kuvulia, mkono mmoja juu, mwingine chini, akaupunga taratibu katikati ya magodoro na viti vya ofisi. Ncha yake iligonga dari. Pale mtaani Thongpiny, Abdisamad aliuza chochote kilichoachwa na mashirika yaliyofunga ofisi, na kawaja mmoja, mzungu wa shirika, alikuwa ameacha fito mbili za kurushia chambo cha manyoya mfano wa nzi. Mmoja ulikuwa mfupi, wa mkono mmoja. Huu ulikuwa wa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa na duka Nyeri," Abdisamad aliendelea. "Mito ya trauti kule unairuka kwa hatua moja. Chukua huu mfupi. Hata mzee wako atakwambia."

"Mzee wangu alivua kulekule na mfupi miaka kumi na tisa. Wageni walikuwa wanamlipa awafundishe."

"Sasa tunabishana nini?"

Nje, mumewe, Lako, alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na jua lote lile. Alikataa kushuka. Teresina ndiye aliyeendesha kutoka nyumbani kwao Lemon Gaba. Ndiye aliyemfunga vifungo vya shati asubuhi, akamkatia nyama, akamfunga kamba za viatu. Mwaka na nusu sasa ilikuwa hivyo, na akichelewa sokoni hata robo saa, simu ilianza kulia: uko wapi, uko wapi. Alimpenda mumewe, tusimsingizie. Lakini kuna siku alijificha nyuma ya jiko akalia mpaka maharage yakaungua.

Marafiki wa zamani walikuwa wamemwita Lako aende kuvua nao Nyeri, mtoni, mwezi wa nane utakapofika. Lako alisema haendi, na Lako akisema haendi, hakuna anayetoka. Leo alikubali kufika hapa tu, baada ya siku tatu za kubembelezwa. Teresina alijua vizuri kwamba wakirudi nyumbani mikono mitupu, mlango ule hautafunguka tena.

Abdisamad alichungulia gari dirishani. "Samahani, mama, lakini huyo amekuoa au amekuajiri?"

"Nifungie huu mrefu."

"Wallahi unamwonea! Mtu mmoja akirusha huo kutwa nzima, mabega yanakufa. Halafu atarudi kunitukana mimi."

"Hatarudi. Funga."

Abdisamad, ambaye hajawahi kumkatalia mteja kitu, aliufunga kamba huku akinung'unika. Teresina alilipa bila hata kuomba apunguziwe, na hilo nalo likamtia Abdisamad wasiwasi.

Teresina alitoka na ufito juani, akaifungua ile kamba palepale, akavuta mlango wa abiria. Lako aliutazama ufito, kisha akageuza uso.

"Umenunua huo? Unanicheka, Teresina?"

"Shuka."

"Watu wanatazama."

"Malesh, si kitu, watazame." Aliushikilia mlango wazi. "Nimechoka kufungiwa, mzee wangu. Nimechoka, unasikia? Mimi sitaki kuzikwa na mtu ambaye hajafa. Shuka."

Madereva wa boda waligeuka kutazama. Abdisamad alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mdomo tayari kwa neno la mwisho kuhusu ufito mfupi. Lako akashuka polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, na neno lile likamfia Abdisamad mdomoni.

Teresina alikwenda akasimama kuliani kwa mumewe, upande ambao mkono wa shati ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini begani, akashika mpini wa juu.

"Wewe shika wa chini," alisema.