Mtu wa Ndizi Majini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba 2023, saa tano asubuhi, injini ya boti ya Javan ilipokohoa mara mbili na kunyamaza katikati ya ghuba ya Karungu, karibu na jiwe la ndege.

Ndani ya boti alilala Phelesia, dada yake Javan, mke wa Omanga. Mimba ilikuwa imeharibika na damu ilikataa kukoma, nao wanaume wawili walikuwa wakimkimbiza hospitali. Omanga alipiga ile namba ya dharura iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa zahanati. Sauti ikamwambia mashua ya uokoaji inakuja. Akavua shati, akalipunga mpaka mkono ukafa ganzi. Saa tisa ndipo wavuvi wa mbuta walipowavuta hadi ufukweni. Phelesia alikuwa ameshapoa.

Ofisini, msimamizi wa mashua, bwana mmoja aitwaye Clifford, alimpa Omanga kiti.

"Pole sana, mzee. Lakini kukusanya wahudumu, kuwasha injini, kuvuka mawimbi... Pale kwa jiwe hapafikiki haraka. Hakuna ambaye angemfikia akiwa hai. Tumwachie Mungu."

Omanga aliacha shule darasa la nne. Mtu wa tai akikueleza hivyo, akifunga faili huku anakutazama usoni, utamjibu nini? Aliinuka, akashukuru, akatoka. Kushukuru huko ndiko kulikomla moyo miezi yote iliyofuata.

Mwaka jana likatangazwa shindano la michezo mitatu: kuogelea karibu kilomita nne ziwani Karungu, kupanda baiskeli kupitia Suna na Awendo hadi Homa Bay, halafu kukimbia mbio ndefu. Wakubwa walilishangilia kwa sababu wageni wangekuja. Omanga akajiandikisha. Soko zima likacheka. Huyu ni Mkisii wa kuuza ndizi. Maji mengi aliyowahi kuingia ni yale ya kubatizwa.

"Shem, nyinyi Wasabato mlizamishwa mara moja tu," Javan alimwambia. "Hii sasa ni kuzama kila siku."

"Nifundishe."

Javan akamfunga kamba kiunoni, yeye akapiga kasia mbele. Wiki ya kwanza Omanga alilinywa ziwa. Wiki ya tatu akaanza kuelea. Alikonda, macho yakawa mekundu kama ya mlevi, ndizi zikaoza kibandani na wateja wakahamia kwa jirani yake Kemuma. Wanaoanza huogelea kandokando ya ufuo, lakini yeye alitaka njia moja tu: kutoka gatini kwenda lile jiwe lililopakwa chokaa na mavi ya ndege. Akilifikia, anapanda botini kwa Javan.

"Yawa, shindano linapita jiwe. Hiyo ni nusu tu," Javan akalalamika.

"Nusu ile nyingine nitaiona siku hiyo."

Siku moja misuli ya paja ilimkaza karibu na jiwe, akazama kimya. Javan alimvuta kwa kamba, akamlaza kifudifudi botini mpaka akatapika maji yote. Kisha Javan mwenyewe akaanza kulia.

"Nimemzika dada, omera, ndugu yangu. Wewe sikuziki. Unatafuta nini huko? Medali?"

"Nataka nione kama panafikika," Omanga alisema, meno yakigongana. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza gatini.

Wiki ya shindano, mashua ya uokoaji, ambayo kwa miezi mingi kila mtu aliambiwa ni mbovu, ilipakwa rangi mpya nyekundu. Wageni wakija, hata chuma hupona.

Mwandalizi, dada mmoja aitwaye Lorine, aliwakusanya waogeleaji wote.

"Ukizidiwa, lala chali, inua mkono. Mashua itakufuata. Lakini ukishapanda, umetoka shindanoni."

Omanga akanyoosha kidole. "Mashua itakaa wapi?"

"Hapo gatini, injini ikiwaka. Ndani kuna daktari na hewa ya oksijeni. Bwana Clifford mwenyewe ndiye atasimamia."

"Mzee ameshaitisha lifti!" kijana mmoja akapaza sauti. Wakacheka wote, Lorine pia.

Jumapili asubuhi Javan alimsukumia baiskeli yake ya ndizi hadi pale nyingine zilipopangwa, za wageni, nyepesi kama miwa mikavu.

"Shem, gurudumu la nyuma halina upepo."

"Najua."

"Nitafute pampu?"

"Iache." Omanga alikuwa akifunga saa mkononi, saa mpya isiyoingia maji. Viatu vya kukimbia hakuwa amenunua.

Filimbi ikalia, na mtu wa ndizi akaogelea. Aliwapita vijana watatu wa Nairobi, akampita yule wa lifti. Ufukweni Javan alirukaruka akiita jina lake, na wale waliocheka sokoni wakalidaka, "Omanga! Omanga!" Kifua kilimwaka, lakini mikono ilikuwa bado na nguvu. Jiwe likaja. Watu wanne tu walikuwa mbele yake.

Hapo akaacha kuogelea. Akalala chali, akatazama saa, akainua mkono.

Mashua nyekundu ilichomoka gatini ikikata maji. Mikono minne ikamnyanyua, blanketi likamfunika, barakoa ya oksijeni ikamkaa puani. Clifford aliinama juu yake. Hakumtambua.

"Usiogope, mzee, tumefika. Unaumwa wapi?"

Omanga akaisukuma barakoa kando, akamwinulia mkono wenye saa mbele ya macho.

"Dakika tano," alisema. "Hapa hapa nilipunga shati kwa muda wa saa nne. Bwana Clifford, ile Jumanne mlikuwa wapi?"