Mashimo Matano ya Muhanga

Enzi wanyama walipojichimbia barabara zao wenyewe, palikuwa na msitu wa hifadhi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuvunja hata kijiti chake. Bi Kakakuona, mkuu wa barabara, akaamua njia ipite chini yake kwa handaki. Akamtuma Muhanga, fundi wa kuchimba, achimbe mashimo mahali patano, amletee fungu la udongo wa kila shimo aupime.

Shimo la kwanza lilijaa mchwa. Muhanga akala akashiba, akaona uvivu kuendelea, akaugawa udongo wa shimo hilohilo mafungu matano, akampelekea.

Bi Kakakuona akayanusa yote. “Na hili la katikati ya msitu?”

“Imara kama mwamba, Bibi.”

“Vizuri. Handaki likiisha utakaa hapo katikati, tembo wote wapite juu yako. Tukikusikia bado unaimba, tutafungua njia.”

Muhanga akaanza kurudi nyuma. “Ngoja nikahakikishe kidogo,” akasema, “kwa usalama wa tembo.”

Akaenda kuchimba katikati. Maji yakafoka, yakamtupa nje.

Alirudi akichuruzika matope. “Bibi, pale kuna chemchemi. Njia ipindishwe.”

“Ahsante. Na yale mafungu mengine matatu?”

 Muhanga aligeuka akarudi msituni, kucha tayari.