Jiko Lililokataa Kuwaka

Sheria inasema sauti ya marehemu, ile inayozungumza kupitia vyombo vya nyumbani, ifutwe kwenye diski ya nyumba baada ya arobaini. Ya mama yangu tuliifuta Ijumaa. Kesho yake jiko lilianza kujijengea programu mpya, likakwama, likakataa kuwaka na kuandika kiooni kwamba diski imejaa.

"Wageni wa posa ya Nasra wako njiani, na wewe umekaa tu!" alisema mke wangu.

"Natafuta, Mama Nasra."

Mafaili niliyoyaona hayakufika hata nusu ya diski. Basi lilikuwapo faili lililofutwa, ila programu fulani bado imelishika, na nafasi haipatikani mpaka iliachie. Nikaiuliza kompyuta ya nyumba ni nani kalishika. Ikajibu: jiko. Faili lenyewe lilikuwa sauti ya mama.

"Lizime uliwashe."

"Nikilizima, mama ndio kaenda moja kwa moja."

Mke wangu akacheka. "Kumbe mama mkwe hajatoka jikoni mwangu!" Akachukua seredani, akawasha mkaa uani, chini ya dirisha la jikoni.

Pilau ilipokaribia kuiva, aliongeza chumvi.

"Mama Nasra, chumvi tena?" jiko liliuliza kupitia dirishani, kwa sauti ya mama.

"Basi, mama, siongezi," alijibu. Kisha tukatazamana.